Shajara ya mradi: kuchagua presi ya kufungia vioo vya saa nyumbani

Lengo na mipaka

Tunatafuta presi moja ya mezani itakayotoa na kufunga vioo vya saa za mkono za duara, kipenyo cha mm 26 hadi mm 40. Vioo tunavyolenga ni vya aina tatu: kioo bapa cha minerali kinachoshikwa na gasketi (pete ya kuziba) ya nailoni, akriliki (plastiki angavu) yenye pete ya chuma ya kukaza upande wa ndani, na safaya (kioo kigumu sana) ya kuba. Vioo vya kubandikwa kwa gundi ya miale ya urujuanimno vimewekwa kando. Havishindiliwi, hulazwa kwa mkono kwenye kitako chake, na kazi yote inabaki kuwa ya gundi na taa.

Wengi huuliza kwanza presi ina nguvu kiasi gani. Kwa kazi hii nguvu si tatizo. Hata presi ndogo ya plastiki inaweza kuvunja safaya. Kinachotakiwa ni kioo kishuke sawa pande zote kwa wakati mmoja, na kasha lishikwe kutoka chini bila kuyumba. Kila chombo tulichokikagua kimepimwa kwa mambo hayo mawili.

Ingizo la 1: kipimo cha kioo

Visahani vya kushindilia, yaani vipande vya duara vya presi vinavyogusa kioo na kasha, hufuata kipenyo cha kioo, kwa hiyo kipimo kinatangulia ununuzi. Kasha la majaribio ni la chuma cha pua, na kioo chake cha zamani kina nyufa lakini hakijatawanyika.

Kioo bapa cha duara huagizwa kwa kipenyo chenye hatua ya mm 0.1 na unene kama mm 1.0, 1.2, 1.5, 2.0 au 3.0. Kipenyo hupimwa penye ukingo uliosimama wima, si kwenye sehemu iliyochongwa mshazari. Kalipa ikikamata mshazari, namba inapungua na kioo kipya kitapwaya. Pima sehemu nne ukizungusha kioo, kisha chukua namba kubwa kuliko zote.

Kioo kikiwa kimesagika kabisa, hesabu inaanzia kwenye kasha. Toa gasketi, safisha kitako, pima kipenyo cha tundu kwa taya za ndani za kalipa. Taya hizo zina bapa ndogo mwishoni, hivyo kwenye tundu la duara husoma pungufu kidogo. Zichezeshe taratibu na ushike namba ya juu. Kasha letu limetoa mm 31.40. Ukuta wa gasketi mpya ni mm 0.45, na mara mbili yake ni mm 0.90. Toa kwenye 31.40, unapata 30.50. Gasketi lazima ibanwe kidogo ili ishike, kwa hiyo kioo kinachofaa ni cha mm 30.5 au 30.6. Tumeanza na 30.5, kwa sababu ndicho kipimo cha kioo cha zamani pia. Usipime unene wa gasketi iliyotumika: imekwisha kubanwa na namba yake itakuelekeza kwenye kioo kikubwa mno.

Ingizo la 2: presi ya bawaba

Hii ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko zote: mkono mmoja, bawaba nyuma, visahani vya nailoni kumi na viwili au zaidi kwenye kisanduku. Ni chombo kizuri cha kufungia mifuniko ya nyuma ya kubonyeza. Kwenye vioo ina kasoro ya maumbile.

Kisahani cha juu hakishuki wima. Kinafuata tao. Kwenye tuliyoipima, bawaba iko mm 90 kutoka katikati ya kisahani. Kila mm 1 ambayo mkono unashuka, kisahani kinainama kwa 1/90 ya rediani, yaani nyuzi 0.64. Kwenye kisahani cha mm 30, tofauti kati ya ukingo wa nyuma na wa mbele inakuwa mm 0.33. Linganisha na ukuta wa gasketi wa mm 0.45 uone ukubwa wa tofauti hiyo. Visahani viwili vinakuwa sambamba kwenye kimo kimoja tu. Kasha likiwa refu kuliko kimo hicho, upande wa bawaba unagusa kwanza. Likiwa fupi, upande wa mbele unatangulia.

Presi ya namna hii ikiwa na skrubu ya kupandisha na kushusha kisahani cha chini, kasoro inaweza kupunguzwa. Weka kasha na kioo vilivyokwisha kukaa mahali pake, rekebisha kimo hadi visahani viwe sambamba kwenye pointi hiyo ya mwisho, ndipo utoe kioo na kuanza kufunga. Safari ya kushuka itaanza na mwinamo na kumalizika sawasawa. Kwa akriliki hiyo inatosha. Kwa minerali yenye ukingo mkali ni bahati nasibu, kwa sababu madhara hutokea mwanzoni, kioo kinapoingia kwenye gasketi.

Isiyo na marekebisho ya kimo haifai kwa vioo. Imeondolewa kwenye orodha.

Ingizo la 3: kipimo cha usambamba

Jicho halitoshi, na karatasi ya kuwekea alama hueleza mguso wa kwanza tu. Tunatumia waya wa lehemu wenye risasi, kipenyo mm 1, kwa sababu ni laini na unabaki na umbo lililoubana.

Kata vipande vinne vya mm 5. Viweke kwenye kisahani cha chini penye saa 12, 3, 6 na 9, karibu na ukingo. Shusha kisahani cha juu hadi waya upungue kufikia takriban nusu ya unene wake. Fungua, pima kila kipande kwa maikromita. Osha mikono ukimaliza, kwa ajili ya risasi.

Kikomo chetu ni tofauti ya mm 0.05 kati ya kipande kinene na chembamba kwa kisahani cha mm 30. Rudia baada ya kuzungusha kisahani cha juu robo mzunguko. Tofauti ikizunguka pamoja na kisahani, kasoro iko kwenye kisahani chenyewe. Ikibaki upande uleule, kasoro iko kwenye fremu. Jambo hili ni la maana sana: kisahani kibovu hubadilishwa, fremu mbovu hurudishwa ilikotoka.

Waya una faida nyingine. Unapima presi ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imepumzika. Fremu yenye umbo la C hufunguka kidogo inapobeba mzigo, na mdomo wake ukifunguka kisahani kinainama kuelekea nje. Fremu yenye nguzo mbili, moja kila upande wa mhimili, haina tabia hiyo.

Ingizo la 4: presi ya skrubu

Mhimili unashuka wima kwa hesi. Kwa hesi ya kawaida ya M10 (kipenyo mm 10), mzunguko mmoja mzima ni mm 1.5, robo mzunguko ni mm 0.375, nyuzi 30 za mpini ni mm 0.125. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Unaweza kusimama katikati ya safari, ukaachia mpini, ukakagua kioo kwa lenzi, na hakuna kitakachosogea.

Cha kukagua kabla ya kuichukua ni ncha ya mhimili. Kisahani cha juu kikizunguka pamoja na skrubu, kitasugua kioo na kukokota gasketi; gasketi ya nailoni ikikokotwa inapanda upande mmoja na kukatwa na ukingo wa kioo. Ncha nzuri ina beringi au gololi, kiasi kwamba kisahani kinasimama tuli huku mpini ukizunguka. Jaribio lake ni rahisi: chora mstari wa kalamu kwenye kisahani, shusha hadi kiguse kipande cha mpira, endelea robo mzunguko. Mstari ukisogea, ncha haifai.

Pia tikisa mhimili kushoto na kulia ukiwa umeteremka nusu. Hesi iliyolegea hucheza, na mchezo huo hugeuka mwinamo pale kioo kinapokataa upande mmoja. Presi ya skrubu isiyo na kiongozi, yaani bushi ndefu inayoshika mhimili chini ya hesi, inategemea hesi peke yake kubaki wima.

Kipimo cha waya kwa presi ya skrubu yenye nguzo mbili: tofauti mm 0.03. Kwa ya umbo la C iliyosubuwa kwa alumini nyepesi: mm 0.09, kipande cha mbele kikiwa kinene. Ya pili imeondolewa.

Ingizo la 5: wenzo wa wima, na vya kuazima

Presi ya wenzo yenye mhimili wa wima ni ya haraka, na fundi mzoefu huhisi kioo kikiingia kupitia mkono wake, jambo ambalo skrubu hulificha. Kwa karakana inayofunga vioo kutwa nzima, ningeichagua bila kusita. Nyumbani, saa moja moja, hatari yake ni kwamba nguvu haina breki: kioo kikikwama kisha kikaachia ghafla, mkono unafuata. Zipo zenye skrubu ya kikomo inayosimamisha mhimili kwenye kimo ulichoweka. Bila kikomo hicho, tusiichukue.

Drili ya mezani, ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, ina mhimili wa wima ulio sawa kuliko presi nyingi ndogo, na inaweza kushika kisahani chenye shina. Shida ni meza yake, ambayo mara nyingi haiko mraba kwa mhimili hadi irekebishwe. Kwa akriliki inakubalika. Jiliwa halifai: kasha linasimama kwa ubavu, huoni kioo, na taya lenye kucheza huinuka linapokaza.

Ingizo la 6: visahani

Hapa ndipo fedha na uangalifu viende. Presi ya wastani yenye visahani sahihi inashinda presi ya fahari yenye visahani vya kubahatisha.

Kisahani cha juu cha kufungia kioo bapa kinatakiwa kiwe kidogo kuliko kioo kwa mm 0.5 hadi mm 1. Kikizidi kioo, kinakanyaga pete ya kasha kabla kioo hakijafika chini, na fundi anaongeza nguvu akidhani bado. Kikiwa kidogo mno, mzigo unakaa katikati na kioo kinapinda. Kwa kioo cha mm 30.5 tunataka kisahani cha mm 30, na mm 29.5 pia kitafaa. Seti nyingi za nailoni zinaruka kwa mm 2, yaani 28, 30, 32. Ukiwa na kioo cha mm 29.8, cha 28 kinaacha karibu mm 0.9 kila upande, na cha 30 kimezidi. Seti inayopanda kwa mm 1 ni bora, hata ikiwa na vipande vichache.

Kisahani cha chini ni kikombe. Kinashika ukingo wa kasha upande wa nyuma, mahali mfuniko unapokaa. Lazima kiepuke vitu viwili: pembe za kufungia mkanda, ambazo kwenye makasha mengi hushuka chini kuliko ukingo, na bomba la kifundo cha kurekebishia saa. Kasha likisimama kwa pembe zake, linayumba kila unapobonyeza. Pima kina cha pembe kutoka usawa wa ukingo, kisha hakikisha kikombe ni kirefu zaidi ya hapo na ni chembamba cha kupita katikati yao.

Kuhusu malighafi, alumini hukaa sawa na hesi yake haichakai upesi, lakini chembe moja ya chuma iliyonasa juu yake itaacha alama kwenye kioo au kasha. Nailoni ni salama kwa uso wa kioo, ila hubonyea, na kisahani kilichotumika sana hupata mfereji wa duara. Tumeamua: chini alumini, juu nailoni ngumu iliyochongwa kwenye mashine ya kukereza, si ile ya kumiminwa kwenye kalibu. Ya kumiminwa huwa na mshono, na mshono wenye kimo cha mm 0.1 unatosha kuharibu usambamba tuliouhangaikia.

Angalia pia hesi ya visahani. Watengenezaji kama Bergeon na Horotec wa Uswisi huuza visahani vya akiba kimoja kimoja; seti isiyo na jina inaweza kuwa na hesi isiyoingiliana na kitu kingine chochote, na kisahani kimoja kikipasuka seti nzima imepungua.

Ingizo la 7: jaribio la minerali

Mashine ya saa imetolewa, pamoja na uso na mishale. Hilo halina mjadala: chembe za kioo zikiingia kwenye mashine, usafishaji wake ni kazi kubwa kuliko mradi huu.

Kutoa kioo: kisahani cha mm 28 kinasukuma kutoka ndani, kasha limegeuzwa, kioo kinatazama chini ndani ya kikombe cha mm 33 kinachoshika kasha nje ya gasketi. Funika yote kwa mfuko wa plastiki unaoonekana ndani na uvae miwani ya kinga. Kioo chenye nyufa kibandikwe utepe wa karatasi upande wa juu ili vipande vitoke pamoja.

Kufunga: kitako kimesafishwa kwa kijiti cha mbao, kisha kupulizwa. Gasketi yenye umbo la L inaingia kwanza, mdomo wake mdogo ukiwa chini, ndio utakaobeba kioo. Izungushe kwa kidole hadi isiwe na wimbi popote. Kioo kinawekwa upande wenye mshazari mpana ukitazama chini, ili uteleze ndani ya gasketi badala ya kuikata. Hatupaki mafuta ya silikoni hapa, kwa sababu yakibanwa hukimbilia ndani na kuacha utando juu ya uso wa saa.

Shusha hadi mguso. Kisha nyuzi 30, simama, tazama pande nne. Upande mmoja ukiwa juu kwa macho, usijaribu kuulazimisha; legeza, toa, weka upya. Kioo kilichoingia mshazari hakijinyooshi kwa nguvu, kinanyofoa gasketi. Dalili ya kwanza ni uzi mwembamba mweupe wa nailoni unaochungulia ukingoni. Ukiuona, gasketi hiyo imekwisha, hata kama kioo kitakaa.

Kioo kikifika chini, mpini unakuwa mgumu ghafla. Hapo ni mwisho. Nguvu ya ziada inaenda kwenye ukingo wa kioo, na minerali humeguka vipande vidogo kama magamba. Uhakiki: pima unene wote, kutoka ukingo wa nyuma wa kasha hadi uso wa kioo, sehemu nne. Namba zetu: 8.42, 8.44, 8.43, 8.41. Tofauti ni mm 0.03, sawa na ya presi yenyewe.

Ingizo la 8: akriliki na safaya

Akriliki yenye pete ya kukaza huwa kubwa kuliko tundu la kasha kwa takriban mm 0.1, nayo pete inaisukuma nje ili ishike. Kioo cha Hesalite, yaani akriliki ya saa ya Omega Speedmaster, ni cha ukoo huu. Kisahani cha juu kiwe na shimo, kiguse bega la kioo tu. Kikigusa kuba, nyufa za miale hutokea kuanzia kwenye pete, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyohiyo usisafishe kwa spiriti akriliki iliyokwisha kubanwa: plastiki yenye mkazo hupata mtandao wa nyufa nyembamba. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha. Gundi ya papo hapo isikaribie kabisa, mvuke wake huacha ukungu mweupe.

Akriliki isiyo na pete haihitaji presi yetu. Kibano cha makucha huishika ukingoni, kikaikunja ipungue kipenyo, ikaingia kwenye mfereji wake na kujifungua.

Safaya ya kuba inadai kisahani chenye shimo lenye kina kuzidi kimo cha kuba. Kuba letu limepanda mm 1.0, shimo la mm 1.5 linaacha nafasi. Safaya ni ngumu, 9 kwenye kipimo cha Mohs, na watu hudhani ugumu huo ni ustahimilivu. Sivyo. Haikwaruziki kirahisi, lakini ukingo wake humeguka kwa mzigo wa upande mmoja, kwa hiyo hapa kikomo cha mm 0.05 ni cha lazima. Kabla ya kuweka, inamisha kioo chini ya taa: upande unaorudisha mng'ao wa buluu au zambarau ndio wenye utando wa kupunguza mwako. Utando ukiwa upande mmoja tu, kwa kawaida upande huo hukaa ndani.

Uamuzi

Imechaguliwa presi ya skrubu, nguzo mbili, ncha yenye beringi, bushi ya kuongoza mhimili, vikombe vya alumini chini na visahani vya nailoni vya kukerezwa juu, hatua ya mm 1 kuanzia 24 hadi 40. Visahani vyenye shimo vitaagizwa kwa saizi tatu tu kwanza: 28, 30 na 32.

Ingizo la 9: kupima maji

Kasha linapimwa tupu, mfuniko na kifundo vimefungwa. Kwenye chombo cha kupimia chenye maji, kasha linaning'inizwa juu ya maji, hewa inapampiwa hadi baa 3 na kuachwa dakika chache. Kisha kasha linazamishwa na hewa inaachiwa polepole. Viputo vinavyotoka mfululizo sehemu moja ni uvujaji; kasha linyanyuliwe kutoka majini kabla hewa haijaisha, la sivyo maji yataingia kupitia njia ileile. Kiputo kimoja kimoja kinachokwama chini ya pembe za mkanda ni hewa ya nje tu.

Viputo vikitoka ukingoni mwa kioo, rudi kwenye namba nne za unene. Upande wenye namba kubwa ukilingana na upande wa viputo, kioo hakijakaa. Gasketi mpya na kufunga upya. Namba zikiwa sawa na bado kinavuja, kioo ni kidogo: panda mm 0.1, yaani 30.6 badala ya 30.5. Kasha letu limepita likiwa na 30.5. Safaya ya kuba inasubiri kisahani chenye shimo cha mm 32.